Kamukunji, Kariobangi au Ruiru: karakana ya bati ikae wapi?

Ukurasa_Mpya

Wadau, naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi ya bati na hesabu za mahali pa kufanyia biashara. Mpango ni karakana ya mafundi watatu: makabati ya kuwekea chipsi, vikaangio vya gesi, na baadaye majiko ya makaa. Vifaa vilivyopo ni mashine moja ya kuchomea ya inveta, grainda mbili, drili na vifaa vya mkono. Mashine ya kukata bati hakuna, ya kukunja hakuna.

Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, kuna ploti yenye banda, nafasi mara nne ya ile ya Kamukunji na kodi kama theluthi moja. Kamukunji, kwa mafundi wa bati karibu na katikati ya jiji, ni kona ya kusimama tu, nyundo kutwa nzima, na majirani kumi wanatengeneza kitu kile kile ninachotaka kutengeneza. Kwa akili ya kawaida mtu angekimbilia mahali asipo na mshindani. Mbona basi mafundi wa bati wamejazana pale, watu wa spea wakajazana Kirinyaga Road, wa redio na simu Luthuli, na washonaji wa yunifomu Uhuru Market? Ni mazoea tu, au kuna hesabu ambayo siioni?

FundiBati

Ndugu, usianze na kodi. Anza kwa kuhesabu kabati moja linapita mara ngapi kwenye mashine ambayo huna.

Chukua kabati la upana 600 mm, kimo 600, kina 450, mbele na juu kioo. Bati linahitajika paneli nne: mgongo, mbavu mbili na sakafu. Ukiacha pindo la mm 15 kila ukingo, mgongo unakatwa 630 kwa 630 na zile tatu 630 kwa 480. Bati zima la futi 8 kwa 4 ni kama mm 2440 kwa 1220. Ukilaza migongo miwili sambamba kwa upana unapata 1260, umepita bati kwa mm 40. Kwa hiyo unalazimika kugawa bati mstari mmoja wa 630 na mmoja wa 480, na ukimaliza kupanga una migongo miwili na paneli tano. Ulihitaji sita. Kabati la pili limekosa ubavu mmoja na utafungua bati jingine kwa ajili yake.

Punguza kabati liwe 575 kwa 575, kina kibaki 450. Sasa mgongo ni 605 kwa 605, na nyingine 605 kwa 480. Mistari miwili ya 605 ni 1210, inaingia. Kila mstari unabeba mgongo mmoja na paneli tatu, jumla 2045. Makabati mawili kamili kutoka bati moja, na unabaki na ukanda wa karibu 395 kwa 1220. Lakini ile nafasi ya mm 10 iliyobaki kwenye upana inataka mashine ya kukata kwa kisu, ambayo haili bati. Diski ya grainda inakula mm 1 hadi 3 kila mkato, inaacha ukingo wenye meno, na mkono ukiyumba umekwisha.

Hapo ndipo Kamukunji inapoanza kujilipa. Pale unalipia mkato na unalipia mkunjo, mashine ni ya mwingine. Bati moja kwa mpango huo ni mikato kama 10 na mikunjo 32, yaani 5 na 16 kwa kabati. Tufanye hesabu ya mfano, bei utaweka zako. Mkato ukiwa shilingi 30 na mashine ya kukata shilingi 350,000, unahitaji mikato zaidi ya 11,600 kabla pesa haijarudi. Hayo ni makabati zaidi ya 2,300. Mafundi watatu wakitoa makabati mawili kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 50, ni 600 kwa mwaka. Karibu miaka minne, bila kuhesabu kunoa visu. Mashine ya kukunja ya mkono ni hadithi nyingine: mkunjo ukiwa shilingi 20 na mashine 120,000, inarudi baada ya makabati 375, kama miezi saba na nusu. Kwa hiyo ukipata pesa nunua ya kukunja kwanza, kukata endelea kulipia. Wengi hununua kinyume kwa sababu ile ya kukata inaonekana kubwa na ya heshima.

Na ule ukanda wa 395? Kamukunji anaupokea mtu wa faneli au wa vikombe vya kupimia unga, tena kwa bei ya bati. Ruiru unauza kwa kilo kama chuma chakavu.

Mpimaji_Eastlands

FundiBati ameonyesha sehemu moja ya hesabu, nami nitaiweka kwenye picha kubwa kidogo.

Mwaka 1890 mchumi Mwingereza Alfred Marshall alieleza kwa nini watu wa kazi moja hukaa pamoja, na sababu zake tatu bado zinatosha. Kwanza, mafundi wa kazi hiyo wanapatikana papo hapo. Pili, wauza malighafi na wenye mashine za kukodisha husogea karibu kwa kuwa wateja wao wako wengi. Tatu, ujuzi unasambaa bila mtu kuufundisha rasmi: jirani akibadilisha bawaba ya mlango Jumatatu, Ijumaa mtaa mzima umeiona.

Angalia jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea miaka ya 1980. Kazi yake iligawanyika. Wafinyanzi walifinyanga na kuchoma kikombe cha udongo, mafundi wa bati wa Shauri Moyo na Kamukunji wakakata na kukunja ganda lenye kiuno, mwingine akaunganisha viwili hivyo kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi ya kuzuia joto. Karakana moja yenye kila kitu haikuhitajika. Mtu aliyekuwa na mkasi wa bati na nyundo aliweza kuingia kwenye biashara kwa hatua moja tu ya kazi, na ndivyo jiko lilivyoshuka bei na kuenea. Mgawanyo wa aina hiyo haukai kama wenzako wako kilomita ishirini.

Sababu ya nne Marshall hakuigusa sana, nayo kwa Nairobi huenda ndiyo kubwa: mteja. Mtu wa hoteli kutoka Kitui au Murang'a hajui kabati la chipsi ni shilingi ngapi mwaka huu. Akishuka kituo cha mabasi cha Machakos, hapa hapa Nairobi, anatembea dakika chache na kukuta makabati thelathini. Anauliza watano, anajua bei, ananunua, anapakia basi lile lile. Hawezi kupanda matatu kwenda Ruiru kuangalia kabati moja la mtu mmoja, hata likiwa la bei nafuu, kwa sababu hana njia ya kujua kwamba ni nafuu. Washindani wako kumi ndio wanaomleta.

Watu husahau kwamba mahali hapa hapakuchaguliwa na mafundi peke yao. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na karakana na stesheni zikaamua mji ukae wapi. Eneo la Viwanda likapangwa kusini mwa njia ya reli ili mabehewa yaingie hadi ghalani, na mitaa ya wafanyakazi Waafrika, Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, ikawekwa mashariki. Mabasi ya bara, masoko ya Gikomba na Marikiti, na karakana za jua kali vikaota katikati ya makazi hayo na katikati ya jiji. Serikali iliwajengea mafundi wa Kamukunji mabanda miaka ya 1980, wakati tayari walikuwa pale juani, na ndiko jina la jua kali lilikotoka.

Na watu hufuata kazi kwa miguu. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zimeshikana na Eneo la Viwanda kwa sababu kibarua wa kutwa hawezi kulipa nauli mara mbili kwa siku na bado apeleke kitu nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, zaidi ya 6,000 kwa kilomita moja ya mraba. Mathare ilikuwa na karibu 69,000 kwa kilomita moja. Mwajiri anapata watu saa kumi na mbili asubuhi getini, mfanyakazi anakodi chumba cha mabati kwa bei ambayo kwa kila mita ya mraba si ndogo hata kidogo. Faida ya msongamano hailipwi na yule yule anayeipata. Wapanga mji wengi huliruka hilo.

Bi_Mizigo

Mpimaji ameongea vizuri, lakini swali la Ruiru ni swali la usafiri, tuliweke wazi.

Bati zima la futi 8 kwa 4 halibebeki kwa boda. Usijaribu kulikunja libebwe kama mkeka: bati la mm 1.2 likikunjwa hivyo linabaki na tumbo, na kabati litatoka na mgongo uliovimba. Unahitaji pikapu yenye kitanda cha futi 8, au ukatiwe paneli Kamukunji kisha zisafiri zikiwa zimelala bapa, karatasi katikati ya kila mbili ili zisikwaruzane. Stenlesi iliyokwaruzwa mteja anaiona akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Kurudi ndiko ghali zaidi. Kabati tupu ni hewa iliyozungushiwa bati: kilo chache, nafasi kubwa. Pikapu inajaa makabati sita au manane, na ulilipa pikapu nzima. Kioo usikifunge kabla ya safari. Kifunge kwa mteja, au kisafirishe kikiwa kimesimama wima. Kioo kilicholazwa kinapasuka tuta la kwanza.

Kwa mteja wa bara, mzigo unapelekwa stendi jioni kabla basi halijapakia. Andika jina, simu na kituo cha kushukia pande mbili za mzigo kwa kalamu isiyofutika, chukua risiti yenye namba ya gari, na mwambie mteja alipie mzigo kule au ulipe hapa, lakini mkubaliane kabla. Ugomvi mwingi wa mizigo si wa kupotea, ni wa nani alipaswa kulipa. Kutoka Kamukunji mkokoteni unakufikisha stendi. Kutoka Ruiru umeshalipa gari, na foleni ya Thika Road ikikushika pale Pangani basi limeondoka.

StimaNaWaya

Hamjataja stima, na ndiyo inayowarudisha watu mjini baada ya miezi mitatu.

Mashine ya inveta ikichoma kwa rodi ya mm 2.5 kwenye ampea 80 inatoa kama kilowati 1.9, na kwenye ukuta itavuta ampea 13 hadi 15 kwa volti 240. Hilo soketi nzuri yenye waya wake inabeba. Mashine za zamani za transfoma, zile nzito za kutengenezwa hapa hapa, zinaweza kuvuta mara mbili ya hapo kwa kazi ile ile.

Taabu ya ploti za pembeni ni umbali kutoka transfoma ya mtaa. Ukiwa mwisho wa laini, jioni watu wakiwasha pasi na koili, volti zinashuka. Ongeza waya mwembamba wa kwako. Waya wa shaba wa mm 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 50 una ukinzani wa karibu omu 0.74 kwenda na kurudi. Kwa ampea 14 unapoteza volti 10, si neno. Kwa mashine ya transfoma inayovuta 30 unapoteza 22, na kama laini yenyewe imeshuka hadi 205 umebaki na 183. Rodi inanata kwenye chuma, fundi anaongeza ampea, waya unapata moto. Kisha mnasema rodi ni mbovu.

Kabla ya kulipa kodi popote: peleka mita ya volti, pima saa nne asubuhi na saa moja na nusu usiku, kwanza bila mzigo halafu grainda ikizunguka. Ikishuka zaidi ya volti 15 grainda ikiwa imewashwa, waya wa nyumba ni mdogo au viungo vimelegea. Ikiwa chini ya 215 hata bila mzigo, hilo ni la laini na mwenye ploti hawezi kulitatua. Pia uliza kama kuna fezi tatu karibu. Leo huihitaji, ila mashine ya kukata yenye mota na kompresa kubwa zitaitaka, na kuvutiwa fezi tatu mahali ambapo haipo ni gharama ya nguzo na waya, si ya mita tu. Kariobangi Light Industries ilikaliwa na watu wa tanuri na leizi, yaani wayeyushaji na wachongaji wa chuma, kwa sababu, pamoja na mengine, stima ya aina hiyo ilikuwapo.

Ukurasa_Mpya

Asanteni sana, nimeanza kuiona hesabu. Lakini hamjajibu hofu kubwa: nikitengeneza kitu kizuri Kamukunji si kitaigwa wiki hiyo hiyo? Na bei si itashushwa na majirani mpaka iwe bure?

Karani_wa_Viwanda

Kitaigwa. Tusidanganyane.

Kisheria kuna njia. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inakuruhusu kusajili umbo la bidhaa katika KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda. Usajili unadumu miaka mitano na unaweza kuongezwa mara mbili, jumla 15. Kama ni namna mpya ya kufanya kazi na si sura tu, kuna cheti cha modeli ya matumizi cha miaka 10. Ombi lipelekwe kabla hujaanza kuuza hadharani. Lakini uliza pia utamshitaki nani: mafundi ishirini wasio na anwani, kila mmoja ametengeneza vitatu? Kwa karakana ya watu watatu, pesa hiyo ina kazi bora.

Kinachoigwa haraka ni kile kinachoonekana kwa nje. Kisichoonekana hakiigwi kirahisi, na kwenye vikaangio hicho ndicho chenye thamani. Aina ya chuma, kwa mfano. Stenlesi ya gredi 304 haishikwi na sumaku, au inashikwa kidogo mno kwenye kona zilizokunjwa. 430 inashikwa kwa nguvu. Wauzaji wajanja hutumia 201, ambayo nayo haishikwi na sumaku, lakini ina nikeli kidogo na kwa chumvi na mvuke wa jikoni inatoa madoa ya kutu mapema. Sumaku peke yake basi haikulindi; nunua kwa msambazaji anayekupa karatasi ya kiwanda yenye namba ya mzigo, na uweke nakala kwa kila kikaangio. Mteja wa hoteli akiulizwa na mkaguzi wa afya ana cha kuonyesha, na jirani aliyeiga sura hana.

La pili ni kuvuja. Tangi la mm 1.2 likichomwa kwa rodi ya kawaida kona zinatoboka, fundi anaziba kwa mchomo wa juu, na mafuta yakifika nyuzi 180 yanapata njia. Kona za tangi zichomwe kwa gesi ya argoni, mchomo mmoja usiokatika. Kama huna mtungi, peleka kwa mwenye nao. Kariobangi na Eneo la Viwanda wapo wa kulipwa kwa kipande. Jaribio ni rahisi: paka chaki iliyoloweshwa upande wa nje wa mchomo, iache ikauke, kisha pitisha mafuta ya taa ndani na usubiri nusu saa. Penye tundu, hata dogo kama sindano, chaki inaonyesha doa. Osha vizuri baadaye. Maji hayafai kwa jaribio hili kwa sababu hayapenyi tundu dogo kama mafuta ya taa.

Na kwa majiko, tafadhali, bati jeusi tu. Bati lenye zinki likikaa karibu na moto zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na likizidi kupata moto linatoa moshi mweupe. Fundi anayelichoma siku nzima bila hewa analala na homa na baridi usiku huo. Wapo wanaotumia mabati ya paa yaliyobaki kwa sababu ni rahisi. Msiwafuate.

Kuhusu bei: pale penye wengi, bidhaa ya kawaida inauzwa karibu na gharama yake, ndiyo. Kwa hiyo kabati la kawaida lifanye liwe la kulipa kodi na mishahara. Faida itoke kwenye oda zenye vipimo vya mteja, vikaangio vyenye karatasi, na matengenezo.

Kabla hujasaini chochote Kamukunji: banda mara nyingi lina mwenyewe, ana mpangaji, na mpangaji amemweka mwingine. Dai kuona barua au kadi ya yule aliyepewa nafasi kwanza, si risiti ya aliyekaa. Ukiambiwa utoe gudiwili, ile pesa ya kuachiwa nafasi, jua kwamba hairudi na haimo kwenye mkataba, kwa hiyo igawanye kwa miezi unayotarajia kukaa na uijumlishe kwenye kodi. Ndipo utajua kodi halisi. Pima pia umbali kutoka mto. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa majengo yaliyo kando ya mito Mathare na Mukuru, na Mto Nairobi unapita karibu na Kamukunji na Gikomba. Gikomba nako moto umerudi mara nyingi: mbao, nguo na waya wa stima vimekaribiana mno. Huu ndio upande wa pili wa kukaa pamoja, na bima huwa inajua.

Ruiru nako kuna karatasi zake. Kanuni za kelele za 2009 zinabana zaidi penye makazi, na nyundo juu ya bati haifichiki. Ploti ikiwa katikati ya nyumba za kupanga, lalamiko moja la jirani linakusimamisha. Popote utakapokaa, mahali pa kazi pasajiliwe kwa mujibu wa sheria ya usalama kazini ya 2007, na mafundi wawe na bima ya ajali.

FundiBati

Karani amesema kweli, lakini amewatisha watu na Kamukunji kuliko inavyostahili. Faida moja haijatajwa: fundi akiugua au akiacha kazi leo saa nne, saa tano una mwingine anayejua kukunja. Ruiru utakaa siku kadhaa. Ukiajiri mbali na mafundi wenzako, dai cheti cha majaribio cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, angalau gredi ya tatu, na umpe paneli moja akunje mbele yako. Akianza kukunja pindo refu kabla ya kukata pembe kwa nyuzi 45, huyo bado anajifunza.

Mimi ningefanya hivi. Miezi sita ya kwanza kona ndogo Kamukunji ya kupokea oda na kuonyesha makabati mawili, kukata na kukunja kwa kulipia pale pale, kuunganisha pale pale. Andika kila mkato, kila mkunjo, kila masalio yaliyouzwa na kila mteja ametoka wapi.

Mpimaji_Eastlands

Hiyo ina utafiti nyuma yake. Mwaka 2001 wanauchumi Gilles Duranton na Diego Puga walionyesha kwamba biashara changa hupata faida mjini penye kazi nyingi tofauti, zikijaribu hili na lile, na zikishajua namna moja ya kutengeneza kitu huhamia penye ardhi rahisi. Kwa hiyo swali si Kamukunji au Ruiru. Swali ni lini. Ukiona oda saba kati ya kumi ni kabati lile lile la 575, vipimo havibadiliki na mteja hahitaji kuliona kabla ya kulipa, kazi hiyo imekomaa na inaweza kuhama. Ile ya vipimo vya mteja ibaki.

Ukurasa_Mpya

Na kwa nini isiwe Kariobangi moja kwa moja? Naona wote mnaitaja pembeni tu.

Bi_Mizigo

Kwa vikaangio inafaa kuliko Ruiru. Iko Outering Road, malori yanafika, na watu wa leizi, tanuri na argoni wako hatua chache. Lakini mteja wa rejareja wa bara hatembei huko. Anayekuja ni anayejua anachotaka, mara nyingi anatafuta mashine ya posho au kipuri cha kuchongwa. Ukienda Kariobangi weka mtu au jirani wa kukuuzia Kamukunji kwa kamisheni, mkubaliane asilimia na nani analipa mkokoteni. Mwachie makabati mawili tu. Ukiacha sita, manne yatageuka rafu za kuwekea bidhaa zake.

StimaNaWaya

Na ukifika Kariobangi usiamini fezi tatu kwa kuona waya nne juu ya nguzo. Pima fezi kwa fezi, zote tatu: zinapaswa kuwa karibu volti 415 na zisitofautiane sana. Fezi moja ikiwa chini mno, mota ya mashine ya kukata itanguruma, itapata moto na kuungua koili, na mwenye mashine atakudai wewe uliyekuwa unakata.

Ukurasa_Mpya

Sawa. Kesho nitapita na mita ya volti mabanda mawili, asubuhi na usiku. Nikipata namba nitaziweka hapa, pamoja na bei za mkato na mkunjo za wiki hii, ili FundiBati arudie hesabu yake na bei halisi.

FundiBati

Ziulize kwa watu watatu, na uulize bei ya mikunjo 32, si ya mmoja. Bei ya mkunjo mmoja ni ya mgeni.